Matofali ya Mwalimu Magidu

Ukishuka Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, siku ya soko ukamuulizia mwalimu wa Kiingereza, na wewe utaulizwa: yupi, wa shule au wa matofali? Wa shule wapo wengi. Wa matofali ni mmoja, Magidu, na darasa lake liko nyuma ya duka la vitenge, chumba kimoja chenye mabenchi na ubao, na mlango usiofunga vizuri ambao upepo wa mlimani huupigapiga mchana kutwa. Jina hilo la matofali hakupewa na watu. Alijipa mwenyewe, na kwa kweli alilipenda.

"Kiingereza ni nyumba," alikuwa akiwaambia wanafunzi siku ya kwanza, kabla hata hawajakaa. "Na nyumba ni matofali. Sauti arobaini na ushei, basi. Ukizijua moja moja, safi, zimekauka, utajenga neno lolote unalotaka. Ukizichanganya mbichi, nyumba itakuangukia."

Watu walimwamini, kwa sababu alikuwa na sauti ya kuaminika. Ilikuwa nene, imetulia, na hata akikutajia bei ya nyanya ungedhani ni tangazo la serikali. Uso wake wa kawaida tu, urefu wa kawaida, kanzu ya Ijumaa na suruali siku nyingine. Mungu alipomgawia Magidu, fungu lote aliliweka kooni.

Alizaliwa Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, ndani ya mbuga, mahali ambapo mtoto hujifunza kumpisha kiboko kabla hajajifunza kusalimia wageni. Baba yake alitaka kumrithisha nyavu. Magidu hakuzitaka, maana harufu ya samaki ilimtapisha, na mtoto wa Hamukungu anayetapishwa na samaki hana wa kumlalamikia. Alichokipenda ni chati iliyotundikwa ukutani shuleni, yenye sauti za Kiingereza, kila moja ndani ya kisanduku chake. Mwalimu alikuwa akigonga kisanduku kwa fimbo, darasa linaitikia. Karo ilipokwisha aliiacha shule, lakini chati ile hakuiacha. Aliondoka nayo kichwani, akapanda nayo malori kama tanboi, msaidizi wa dereva, kati ya Kasese na mpakani, akisoma kila kibao njiani kwa sauti, kisanduku kimoja kimoja, mpaka dereva anamwambia anyamaze au ashuke atembee.

Baadaye akawa dalali pale Mpondwe, kwenye daraja la kuvukia Kongo. Wafanyabiashara wa ng'ambo walikuja na Kifaransa chao, Kiswahili chao na Kinande chao, wakafika kwenye karatasi za Kiingereza wakakwama. Magidu aliwasemea. Ikafika mahali wakamwambia: Mwalimu, badala ya kutusemea kila siku, tufundishe. Ndipo akakodi kile chumba nyuma ya vitenge.

Sasa, darasa la Magidu halikuwa na mfano wake. Kila mwanafunzi alipewa sauti moja awe nayo. Wewe ni T, wewe ni L, mama wewe ni S. Unakaa na sauti yako wiki nzima, unalala nayo, unaamka nayo. Likitajwa neno, wenye sauti zake wanasimama mbele, wanajipanga, na kila mmoja anatoa yake kwa zamu, Magidu akigonga rula mezani. Na ilikuwa marufuku kusogeleana. Kati ya mtu na mtu ipite nafasi ya mkono mzima, ili, kwa maneno yake, sauti zisiambukizane.

T alikuwa Tsongo, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Kasindi, ng'ambo ya daraja, mtu mnene, mpole, mwenye kofia asiyoivua. Alipokuja mara ya kwanza T yake ilikuwa laini, ya Kiswahili. Magidu akaikataa. Akawasha njiti ya kiberiti, akaiweka mbele ya mdomo wa Tsongo. T ya Kiingereza, akamwambia, ina pumzi. Isipozima moto huo bado hujaisema. Tsongo akahangaika, akatema mate, akazima moto. Kuanzia hapo akawa anazima mioto yote. Akisema "top", unazimika. Akisema "stop", unazimika. Hata "street" akiisema ilizima kiberiti na kumlowesha aliye mbele yake.

"Mwalimu," alisema siku moja, akizungusha kofia kichwani, "pale kwa duane, kwa watu wa forodha, afande moja ananiuliza kama niko mugonjwa. Nilisema stop, akapanguza uso. Ananiambia, wewe, simama mbali."

"Ana wivu," Magidu akasema. "T yako ni nzuri kuliko yake."

Tsongo akakubali. Angefanya nini? Aliyesema ndiye mwenye ile sauti.

Halafu ile sauti ikaanza kukwaruza. Ilianza kama mafua, na mtu mzima hakimbilii hospitali kwa mafua. Hidayah, mkewe, akachemsha tangawizi, akakoroga asali. Miezi ikapita. Magidu akawa anaishia katikati ya neno, anakohoa, anaanza upya. Hidayah ndiye aliyemburuta mpaka Kasese, na Kasese wakawatuma kwenye hospitali kubwa mbali zaidi, na huko daktari akawaambia bila kuzunguka: kuna uvimbe kwenye kisanduku cha sauti, na kisanduku chote kitolewe. Ataishi, inshallah. Atapumua kwa tundu shingoni. Sauti haitakuwepo tena.

Hidayah alilia palepale, kimya, na ncha ya mtandio machoni. Magidu hakulia. Kuhusu tundu hakuuliza neno. Aliuliza tu siku ya upasuaji ni lini, akaambiwa, akapiga hesabu, akaona amebakiwa na wiki na kidogo ya kuwa na sauti. Na hapo hofu yote aliyokuwa nayo ikageuka kuwa mpango, maana ndivyo alivyokuwa.

Mpango ulikuwa huu. Kiingereza si matofali? Basi atayarekodi matofali yote, kwa sauti yake mwenyewe, moja moja, safi, kabla hayajachukuliwa. Kisha mtu wa kompyuta atayaunga, na Magidu atasema lolote analotaka, darasani na nyumbani, mpaka atakapokufa. Wakate koo lao. Sauti itakuwa imeshatoka mlango wa nyuma.

Mtu wa kompyuta alikuwa Kellen. Huyu alifanya kazi redioni mjini Kasese, akisoma matangazo ya vifo na kukatakata sauti za wengine, na nyumbani kwake alikuwa na chumba kidogo alichokibandika trei za mayai na mablanketi ukutani, anarekodi matangazo ya wenye maduka. Msichana mwembamba, msemaji, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Mubuku. Magidu na Hidayah wakafikia kwa dada yake Magidu, jirani tu, na kila asubuhi Magidu akaingia katika chumba kile cha mablanketi na joto la Kasese, akafunga mlango.

Siku ya kwanza Kellen alimsikiliza, akavua vile vya masikioni.

"Mwalimu, mimi naona ingekuwa mzuri usome tu. Soma hata gazeti. Sentensi, hadithi, chochote. Hizi sauti moja moja, sijui kama zitakubali kushikana. Mimi nikikata neno kwa tangazo moja nikaweka kwa lingine, mara nyingi linakataa."

"Linakataa kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Linakataa tu. Linasikika kama limetoka kwa nyumba ya watu wengine."

"Binti," Magidu akasema, na hapo alikuwa tayari anasemea juu juu ili asichoke, "neno linakataa kwa sababu aliyelisema alilichanganya likiwa bichi. Haya yangu yamekauka. Washa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kellen akawasha. Mzee mgonjwa anabishanaje na msichana, na msichana anabishanaje na mzee mgonjwa? Wakaendelea. P, pumzi. T, pumzi. L, ulimi juu. Halafu maneno mafupi ya akiba, kila moja peke yake na ukimya mbele na nyuma, kama alivyowapanga wanafunzi wake. Akikosea anarudia. Akikohoa wanangoja. Katikati ya sauti na sauti aliongea, kama mtu yeyote: alilalamikia joto, alimtania Kellen kuwa hajaolewa, alisimulia habari za malori, aliomba maji, aliuliza hiyo ya mwisho imetoka vipi. Mashine ilikuwa inameza yote.

Hidayah alikuwa akileta chai ya maziwa kwenye chupa. Siku ya pili alikaa mlangoni, akangoja mumewe ameze.

"Baba Jamira," akasema, "na sisi utusemee kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Kwa Kiswahili chetu. Sema hata, Jamira mwanangu, hujambo. Mtoto yuko Kampala, atapiga simu, atataka kukusikia."

"Hidayah, pumzi yangu unaiona? Nikiitumia kwa sentensi moja, nitakuwa na sentensi moja. Nikiitumia kwa matofali, Kellen atakujengea hiyo na nyingine unazotaka. Jina la Jamira limo humu lote. J ipo, M ipo, kila kitu kipo. Utachoka mwenyewe kumsikia Magidu."

Hidayah alifunga kizibo cha chupa. Moyoni alikasirika, na hasira yenyewe ikamtia aibu, kwa sababu mtu alikuwa anaenda kukatwa shingo.

Siku ya mwisho, alasiri, Magidu alikuwa kwenye maneno ya akiba yenye N mwishoni. Pumzi imepungua, jasho linatiririka. Akasema "ten", mara mlango ukafunguliwa nyuma yake, upepo ukaingia, na yeye bila kukata, bila hata kugeuka, akaunganisha hapohapo: nani huyo? Hidayah, ingia mama, funga mlango, upepo. Kisha akakumbuka mashine, akapiga ulimi kwa hasira, akarudia "ten" nyingine, safi, na ukimya pande zote.

Jioni hiyo alimwagiza Kellen asafishe. Kikohozi, porojo, maji, malori, yote afute, yabaki matofali matupu. Kellen akafanya alivyoambiwa. Kompyuta yake ilikuwa ndogo, na kila Jumamosi aliifagia ili apate nafasi ya kazi za wiki mpya, kwa hiyo kilichofutwa kilikuwa kimefutwa.

Magidu akaenda kupasuliwa. Akarudi anapumua kwa tundu shingoni, kitambaa cheupe kimefungwa juu yake, amekonda, na kimya. Kimya kile kiliwashtua watu kuliko tundu. Walioonana naye Bwera walijikuta na wao wananong'ona, kisha wanacheka kwa aibu. Alikuwa na ubao mdogo wa mtoto wa chekechea, akiandika kwa chaki. Jamira alikuja kutoka Kampala, akakaa naye, akarudi kazini. Tsongo alikuja na kahawa, akakaa kimya sawa naye kwa muda mrefu, akavua kofia, kwa mara ya kwanza watu wakaona ana upara. Magidu alimwandikia: DARASA LINAFUNGULIWA KARIBUNI. Hakuwa na shaka hata kidogo.

Alipopata nguvu wakaenda Kasese, yeye na Hidayah. Kellen aliwakalisha kwenye vigoda chumbani kwake, mkono kwenye kipanya, na hakuwaangalia machoni. Alikuwa ameunga sentensi ya kwanza ya darasa, ile ambayo Magidu aliisema kila asubuhi: Good morning, class, sit down.

Ilitoka. Ilikuwa sauti ya Magidu, hapana ubishi, kila kipande kilikuwa chake. Lakini hakuwa Magidu. Kila sauti iliruka peke yake na kutua peke yake, L ya "class" ilikaa pale kana kwamba imekuja kwa miguu kutoka mbali, T ya "sit" ilitoa pumzi kama tairi. Kellen alijaribu kubana nafasi kati ya vipande. Ikawa mbaya zaidi, sasa zikawa zinakanyagana. Magidu alionyesha kwa kidole: tena. Akasikiliza tena. Akaonyesha: lingine. Lingine lilikuwa vilevile.

Kisha akaandika kwenye ubao jina la mtoto, akauelekeza kwa Kellen. Aliahidi, na alitaka kuitimiza ahadi mbele ya aliyeahidiwa.

Kellen akachukua J ya neno moja, A ya lingine, akaunganisha. Ikasikika mara moja tu. Mtu asiyekuwepo alikuwa anaita jina la Jamira kutoka ndani ya bati.

"Zima," Hidayah akasema.

Kellen akazima. Hidayah alikuwa anatazama trei za mayai ukutani na machozi yanateremka, na safari hii hakuyafuta. Magidu alikaa na ubao magotini. Alijua. Alikuwa na wiki nzima ya kusema jina la mwanawe, akaitumia kuwasha na kuzima herufi.

Kellen ndiye aliyevunja ukimya, kwa sababu hakuweza kuuvumilia. Alisema amehangaika nayo tangu walipoondoka, kila jioni baada ya kazi, na kuna kitu amekiona. Akachukua kiberiti mezani. Akawasha njiti, akaiweka mbele ya mdomo wake, akasema "top". Moto ukazimika. Akawasha nyingine, akasema "stop". Moto ukainama kidogo, ukasimama tena.

Magidu akamnyang'anya kiberiti. Akawasha yeye, akaweka mbele ya mdomo wa Kellen, akamwonyesha: sema. Top, ukazimika. Stop, ukabaki. Akawasha tena. Alimaliza nusu ya boksi, na chumba kikanuka baruti.

"T hiyohiyo, Mwalimu," Kellen akasema. "Lakini S ikitangulia, inamaliza pumzi, T haipati. Na iko hivyo kwa zote. Sema ten people: mdomo unafunga kabla ya hiyo N kuisha, kwa sababu P inakuja. Hata sisi, si tunasema nyumba ndefu, kwa N, halafu tunasema nyumba mbaya, kwa M? Nani alitufundisha? Sauti inaangalia jirani yake. Inajipanga kwa ile inakuja, na inabeba kitu ya ile imepita. Sasa ukizitoa moja moja, zinakuwa kama mutu amevaa kwenda harusi halafu harusi haiko."

Magidu akaandika. Chaki ilikatika, akaokota kipande. MIMI NILISEMAJE STOP?

"Vizuri kabisa," Kellen akasema. "Ukiongea, ulikuwa unasema vizuri kabisa. Ni ukifundisha ndio ulikuwa unaharibu."

Lilikuwa neno gumu kwa msichana kumwambia mzee asiyeweza kujibu, na Kellen mwenyewe akalijutia lilipotoka. Lakini Magidu hakukasirika. Alikuwa anawaza kwingine. Akafuta ubao kwa kiganja, akaandika haraka: YALE MAONGEZI. MALORI. MAJI. YAKO WAPI?

Kellen akainamisha kichwa. "Uliniambia nifute."

Magidu akaitikia kwa kichwa. Ni kweli, alimwambia.

"Ila kuna moja," Kellen akasema, akigeukia kompyuta. "Sikuifuta. Si kwamba nilitaka kuiacha, ilinishinda. Ilikuwa kwenye zile N. Nilitaka kukata, nibaki na ten peke yake, nitupe mengine. Lakini N ya huku na N ya huko ni moja. Nikikata nyuma kidogo, ten inakosa mwisho. Nikikata mbele, inabeba na maneno yako. Nikasema, basi, ikae na uchafu wake. Kwanza ulikuwa umeshasema ten nyingine."

Akabonyeza.

Ten-nani huyo? Hidayah, ingia mama, funga mlango, upepo.

Hidayah aligeuka kuangalia mlango. Hakuweza kujizuia, mwili uligeuka wenyewe. Ilikuwa ni yeye, na haraka zake, na joto lake la Kasese, na lile "mama" alilolitupia katikati bila kufikiri kwa miaka yote waliyoishi pamoja. Maneno yalishikana yote, hakuna lililosubiri mwenzake. Magidu, ambaye wanafunzi wake waligongewa rula mezani kwa kosa hilohilo, alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika, na kutoka kwenye tundu la shingo ikatoka pumzi tu.

Kellen alijaribu kuiondoa ile "ten" ya mwanzo, awape yaliyobaki. Haikuondoka. Kila alipoikata, "nani" ikatoka imepwaya, si ya mtu yeyote. Hidayah akamwambia aache, aiweke kwenye simu hivyohivyo.

Ndiyo hiyo peke yake. Jina la Jamira halimo. Jamira alipiga simu kutoka Kampala akaisikiliza, akaomba atumiwe, akasema inatosha. Huenda inatosha. Majuto ni mjukuu, na Magidu analea wake polepole kama wazee wengine.

Darasa lilifunguliwa, hapohapo nyuma ya vitenge. Watu walitarajia atalifunga, na wengine wawili watatu walishaulizia kile chumba. Sasa anafundisha kwa kiberiti, kwa chaki na kwa mikono. Wanafunzi bado wanapewa sauti moja moja, hilo hakuliacha, lakini wakisimama mbele anawasukuma wasogeleane, bega kwa bega, na kabla hujatoa sauti yako unatakiwa kumtazama anayekufuata. Tsongo akiwa wa kwanza kwenye mstari anaachiwa azime moto. S akisimama mbele yake, Magidu anashika njiti iliyowaka na kumkazia macho, na ole wake ikizimika. Mwanzoni ilizimika kila mara. Alikuwa amefundishwa vizuri mno.

"Mwalimu," Tsongo alisema siku moja aliporudi kutoka mpakani, "leo yule afande hakupanguza uso. Aliniambia tu, pita." Magidu akaandika ubaoni, PITA, akachora mstari chini yake, akamrudisha kwenye benchi.

Simu iko mezani, karibu na boksi la kiberiti. Alasiri, saa ya chai, Hidayah anakuja na chupa. Mlango ule haufungi vizuri, na zamani alikuwa akiusukuma tu na kuingia. Siku hizi anasimama nje, anabisha, ingawa Magidu anamwona kupitia ufa na darasa zima linamwona. Magidu ananyoosha mkono, anabonyeza.

Ten-nani huyo?

Wanafunzi wapya hucheka, na mitaani watoto wameshaanza kumwita Hidayah Mama Ten. Hajali.

"Ni mimi," anasema, anaingia, anafunga mlango.